Mzizi Wenye Kucha

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ngurumo, naye alilipenda jina hilo. Akianza somo, hata kuku wa jirani walinyamaza.

Jioni moja, wakila, binti yake aliyesoma darasani kwake aliomba kuhama darasa. Alitaka kwenda chumba cha pili, kwa Mama Jirani, mwalimu waliyepakana naye nyumbani na shuleni.

"Kwako tunasikiliza tu, Baba," alisema. "Kwake wanafanya."

Mama mtu akainamia sufuria ili asionekane akicheka. Ngurumo hakulala vizuri. Mwanawe akihama, shule nzima itasema nini?

Shule ilikuwa imeletewa vishikwambi, zile kompyuta bapa za kushika mkononi. Ngurumo alivifungia kabatini visivunjwe. Alitoa kimoja tu, chenye picha ya haragwe linaloota. Alipita nacho kati ya madawati kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Aliwaamuru watazame kwa macho, mikono mgongoni. Kisha akawaambia wachore walichokiona.

Darasa zima lilichora haragwe lenye mzizi mmoja mnene, wenye kucha. Kilikuwa kidole gumba chake.

Alimpelekea Mama Jirani michoro ile, akilalamika kwamba watoto wa siku hizi ni vichwa maji. Mama Jirani alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Hawakukosea, mwenzangu. Wamechora ulichowaonyesha. Chombo ni kipya, lakini mshikaji bado ni wewe."

Akamweleza. Wagawe watoto katika makundi, kila kundi lipewe kishikwambi. Wapande haragwe kwenye chupa angavu, walipige picha kila asubuhi, wazipange picha hizo, waulizane, wabishane.

"Na mimi nifanye nini?"

"Uliza. Sikiliza. Nyamaza kidogo."

"Kunyamaza nako ni kufundisha?"

"Kwako wewe ni mtihani."

Kazi ikaanza. Kundi moja lilipiga picha za pua zao kwanza. Kundi la binti yake lilipanda haragwe kichwa chini miguu juu, wenzao wakawazomea. Hawakulifukua. Waliendelea kupiga picha, na walipozipanga waliona mzizi umeanza kwenda juu, kisha umejikunja kuelekea chini.

"Mwalimu, nani ameuambia chini ni wapi?" aliuliza mtoto ambaye hakuwahi kunyoosha mkono.

Ngurumo alichuchumaa kando ya chupa. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Tutajuaje?"

Wakabishana. Mwishowe wakailaza chupa ubavu, waone mzizi utapinda tena au la. Ulipinda. Makundi mengine yakaja kutazama, na waliozomea wakaomba waelezwe.

Jioni Ngurumo alimuuliza binti yake, taratibu, kama bado anataka kuhama.

"Nihame, nani atalinda chupa yetu?" alijibu, akamgeukia mama yake na kuanza kumsimulia habari za mzizi tangu mwanzo.

Alikosea mahali pamoja. Baba mtu alikuwa na sahihisho mdomoni. Alilimeza pamoja na tonge. Punde binti alisita, akafikiri, akajisahihisha mwenyewe.