Mfumo Ulisema Weldon Ameoa

AMEOA!

Neno hilo lilikuwa kwenye screen yangu, mbele ya jina la Weldon. Weldon wangu... ambaye Jumamosi hiyo wazee wake walikuwa wanakuja kwetu kwa koito, wakubaliane mambo ya ndoa yetu!

Jamani, naitwa Jepkemei. Natunza kompyuta za ushirika wa maziwa huku upande wa Keringet. Wakulima wote wako kwenye database: jina, simu, ng'ombe, hali ya ndoa. Weldon pia huleta maziwa kwetu. Siku hiyo nilimtafuta tu ili nione jina lake. Ujinga wa mtu aliyependa.

Nikauliza mfumo tena.

Ameoa.

Mnadhani nililia? Wapi! Nilifungua githeri yangu nikaila yote, na haikuwa na ladha yoyote. Kisha nikampigia baba.

"Baba, koito haiko."

"Unasema nini wewe? Na watu wameshaitwa!"

"Huyo mtu ako na bibi."

Baba akasema sawa. Weldon nikam-block. Alikuja mpaka kwa geti ya ofisi, nikamwambia soja asimfungulie.

"Jepkemei! Kwani nimefanya nini?"

Nilimsikia vizuri sana. Sikuinuka kwenye kiti.

Msimu wa viazi ukapita, mwingine ukaingia. Nilikula, nikalala, nikaenda kazi. Ukidungwa ganzi kwa daktari wa meno, unajua jino liko lakini hulisikii. Moyo wangu ulikuwa hivyo.

Halafu bosi akasema tunahamia mfumo mpya. Sasa, huwezi kuhamisha data kabla ya kujua kila safu ya jedwali iliundwaje: inabeba nini, inaruhusiwa kukaa tupu au la, na mtu asipoijaza mfumo unajijazia nini. Nikaandika:

DESCRIBE wakulima;

Maelezo ya safu yakatoka moja moja. Nikafika kwa hali ya ndoa. Hairuhusiwi kukaa tupu. Na default yake, kile mfumo unajijazia wenyewe...

'ameoa'.

Nikafungua majina yote. Sista Natalie, anayetunza ng'ombe wa watawa... ameoa! Mtawa, jamani!

Nikampigia Kamande wa Kiamunyi, fundi aliyetutengenezea ule mfumo.

"Kamande, mbona kila mtu ameoa?"

Akacheka. "Aah, hiyo! Fomu haikuwa na hiyo swali. Chairman wenu wa zamani akaniambia, 'Mtu ako na ng'ombe zake atakosaje bibi? Weka wote wameoa.'"

"Kwa hivyo hakuna mtu aliulizwa?"

"Sasa nani angewauliza, madam?"

Kesho yake nikaenda kwa Weldon. Nilimkuta anakata nepia ya ng'ombe.

"Weldon, system ilikosea. Ilisema umeoa, na mimi nikaamini. Naibadilisha leo leo!"

Akaweka panga chini. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Uliuliza kompyuta," akasema. "Mimi nilisimama kwa geti yenu, na hukuniuliza."

"Nisamehe. Bado tunaweza..."

"Usiguse hiyo kitu, Jepkemei. Saa hii iko sawa."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka dada mmoja, mimba yake ikionekana, akatusalimia kwa tabasamu.

"Huyu ni Cheptanui," Weldon akasema. "Bibi yangu."

"Karibu chai," Cheptanui akaniambia. Hakujua mimi ni nani.

Niliingia. Nilikunywa kikombe chote, nikashukuru, nikatembea hadi barabarani. Machozi bado hayajakuja mpaka leo, na mimi nimechoka kuyangoja.

Hasira hasara, mnaijua hiyo. Lakini wewe unayesoma hapa na tayari umemhukumu mtu kwa sababu ya kitu ulichoona kwa screen, nakuomba jambo moja tu. Usiishie kusoma jibu. Tafuta kwanza kama mwenyewe aliwahi kuulizwa.