Mistari Iliyovutwa

Haya nimesimuliwa na dada wa mke mmoja aliyefiwa na mtoto, juma lililopita, tumekaa tunakunja nguo. Mengi aliyaona kwa macho yake, na yaliyobaki aliambiwa na huyo mke, mdogo wake.

"Fungua faili."

"Faili gani?"

"Usijitie ujinga, Baba Kidoti. Faili la mtoto."

Mume alikuwa nyuma ya kompyuta, kwenye kiduka chao cha kuchapa na kutoa kopi. Mke kasimama mlangoni, mkoba begani, na dada yake nyuma yake kama askari. Tangu wamzike Kidoti, binti yao wa pekee, mke alihamia kwa dada. Leo kaja kuchukua vilivyo vyake, asirudi tena. Ila kabla ya kuondoka alitaka ainyooshe ile karatasi ya mazishi, yenye wasifu wa mtoto, kwa mkono wake.

Karatasi ile ilikuwa imemchoma. Kazi hii ya kuchapa alifundishwa na mumewe, na mapenzi yao yalianzia papo hapo: yeye kashika kipanya, bwana kafunika mkono wake kwa kiganja. "Ukibonyeza hapa maneno yanakaa kushoto. Hapa, katikati. Na hapa yananyooka pande zote mbili, kama ukuta." Watu walitoka mbali kuja kuchapisha kwao. Halafu siku ya kumzika mwana wao wenyewe, karatasi ikatoka na maneno matatu matatu kila mstari, yametupwa toka ukingo hadi ukingo, mapengo tupu kama kinywa cha ajuza. Watu wakanong'ona. Shangazi wa mume hakunong'ona, alipaza sauti.

"Fundi wa kuchapa kashindwa kumpangia mwanawe! Alikuwa kalewa?"

Mume akaendelea kugawa karatasi. Na siku ile chozi halikumtoka. Hata usiku wa kuamkia mazishi, wenzake wanalia, yeye kajifungia dukani anabonyeza. Mke alipofika kwa dada alimwandikia ujumbe:

"Mtoto kafa, wewe unacheza na mistari. Usinipigie."

Jibu likaja: "Sawa."

Neno hilo moja ndilo lililomfanya aape kuachana naye.

"Shemeji, sogea," alisema dada. "Mwenye uchungu kaja."

"Na mimi sina?"

"Kama unao, umeuficha vizuri."

Mume akainuka, akaenda kusimama ukutani. Mke akautua mkoba, akaketi, akafungua faili. Ili aone tatizo liko wapi, akabonyeza ile alama inayoonyesha mistari imekatiwa wapi. Mwisho wa kila mstari palikuwa na mshale mdogo uliopinda. Mshale ule hauji wenyewe, unawekwa na mtu. Maandishi yakiwa yamenyooshwa pande zote, ukikata mstari namna hiyo katikati ya aya, kompyuta huuvuta mpaka ukingoni, hata ukiwa na maneno mawili.

"Umekata kwa mkono," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ulijua itavutika."

"Si mimi niliyekufundisha?"

"Sasa kwa nini, we mwanamume? Kwa nini ukatuaibisha?"

Mume alitazama sakafu.

"Nilipomaliza kuandika yake yote, ilikuwa mistari minne. Kazaliwa. Alipenda kuimba. Kaugua. Kafa. Mistari minne, mke wangu, na chini karatasi nyeupe pe! Nikasema, watu watashikaje karatasi tupu? Nikakata, nikavuta. Nikakata tena, nikavuta, mpaka ikajaa."

"Na shangazi yako alipokutukana mbele za watu?" aliuliza dada, sauti imepungua ukali.

"Ningemjibu nini, shemeji? Kwamba maisha ya mwanangu hayakutosha ukurasa?"

Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Ungeniuliza," alisema mke. "Mimi ninayo mengine."

"Hukutaka hata kuniona."

"Wewe ndiye uliyefunga mlango, Baba Kidoti! Niligonga. Niligonga mpaka vidole vikavimba."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Niliona nikifungua, yatakuwa ya kweli."

Mke akarudi kwenye kibodi. Akafuta mishale mmoja mmoja, akayahamishia maneno kushoto. Yakasogeleana, yakajikunyata pale juu, mistari minne. Kisha akaandika huku akisoma kwa sauti.

"Aliogopa radi. Alikuwa akiiita printa Mjomba..."

"...kwa sababu inanung'unika kabla haijatoa kitu," alimalizia mume, na hapo hapo sauti ikamkatika. Akaporomoka na ukuta mpaka chini, akalia kilio cha mtu mzima, kile kibaya.

Mke aliandika mpaka akaishiwa. Nusu ya ukurasa ilibaki nyeupe.

"Nivute?" aliuliza.

"Acha," mume alisema kutoka sakafuni. "Acha paonekane."

Dada akaokota mkoba. "Twende, au?"

"Tangulia, dada. Mkoba uache hapo."

"Umemsamehe?"

"Sijui. Tangulia tu."

Wakabaki wawili. Alasiri mteja aligonga na karatasi zake. Mke akamwambia kupitia dirishani kuwa leo hawachapi. Mume alilia hadi usingizi ukamchukua pale pale kwenye saruji. Mke akamfunika kwa kanga yake, akakaa kando yake, mgongo ukutani, akisikiliza anavyopumua. Kisha naye akajinyoosha chini, akamgeuzia uso, akalala.