Niliiba Msiba wa Rafiki Yangu Ili Nipate Chuo cha Ng'ambo

Wasomaji wenzangu, niiteni Mercy. Nina miaka ishirini na minne na ninaishi na wazazi wangu nje kidogo ya mji wa Kericho. Shamba letu la chai linaanzia karibu na mlango wa jikoni na kuishia barabarani. Baba na mama ni wazima wa afya. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu kuna watu wa mbali sana ambao niliwaambia mama yangu alikufa...

Nilisoma shule ya bweni pamoja na msichana aitwaye Chepkorir, wa kutoka karibu na Silibwet. Kitanda chetu kilikuwa cha deka, yeye juu, mimi chini. Tulishindana darasani kwa miaka minne bila kununiana hata siku moja. Muhula huu yeye ndiye wa kwanza, muhula ujao ni mimi. Wote wawili tulitaka udaktari.

Siku moja ya wazazi kuja shuleni, mama yake alikuja na mtoto wa miaka sita hivi, Cherono. Mtoto huyo alimng'ang'ania Chepkorir hata wakati wa kwenda nyumbani ikabidi abanduliwe kwa nguvu. Walipotoka langoni, Chepkorir alikwenda nyuma ya kamba za nguo akalia. Nilimfuata. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Yule aliyekuja hakuwa mama yake mzazi. Zamani waliishi upande wa Sigor. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Walimpakia kwenye pikapu ya kubeba maziwa ili wamkimbize hospitali ya Longisa, lakini gari likazama kwenye matope. Baba na dereva wakakimbia kutafuta watu wa kusukuma. Chepkorir akabaki peke yake na mama yake, kati ya mikebe ya maziwa. Mtoto alizaliwa hapo. Chepkorir alimpokea kwa mikono yake, akamfunga kwa sweta yake ya shule. Watu walipofika, mtoto alikuwa analia na mama alikuwa amenyamaza.

Sweta ilifuliwa. Jumatatu iliyofuata mazishi akaivaa kwenda shule, maana hakuwa na nyingine...

Baba alihamia Silibwet, akaoa mama mwingine, mwenye roho safi, na huyo ndiye aliyemlea Cherono tangu akiwa mchanga. Mtoto alimjua huyo tu. Waliamua watamwambia ukweli akishakomaa.

"Mercy, usiwahi kusema," Chepkorir aliniambia. "Hata kwa mama yako."

Nikamwapia. Jamani, niliapa!

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, sote tulipata A-. Shuleni walitubeba juu juu, wakaimba. Lakini udaktari kwenye vyuo vikubwa vya hapa nyumbani ulichukuliwa na wenye A kamili. Tulikosa kwa pointi chache sana. Nilikaa wiki nzima sitaki kuonana na mtu.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyetuambia tujaribu ng'ambo. Alisema kuna vyuo vinavyochukua wanafunzi wachache mno kutoka dunia nzima, lakini ukichukuliwa unalipiwa kila kitu. Tukaahidiana na Chepkorir tutaomba vyuo vile vile, na yeyote atakayeingia mwenzake atafurahi. Nilikuwa naenda saiba, duka la intaneti, mjini Kericho, yeye naye anaenda ya Bomet, na jioni tunapigiana simu kuulizana umejaza wapi, umekwama wapi.

Alama tulikuwa nazo. Barua za walimu tulikuwa nazo. Kilichonishinda ni insha. Chuo nilichokitaka kuliko vyote kiliuliza swali moja tu: tuambie tukio lililokufanya uwe ulivyo.

Tukio gani? Mimi nilikuwa nimetokewa na nini? Baba ni karani kwenye shamba la chai. Mama anachuma chai yetu, anakamua ng'ombe wawili na kuimba kwaya. Hatukulala njaa. Hakuna aliyetufukuza mahali. Niliandika juu ya mama na ng'ombe wake, nikasoma, nikaona aibu, nikafuta. Nikaanza kutazama video za watu waliofaulu kuingia vyuo hivyo. Karibu wote walikuwa na kilio cha kusimulia. Nikajiambia, wazungu wanataka machozi, na mimi sina!

Lakini nilimjua aliyekuwa nayo...

Chepkorir alikuwa ameniambia yeye ataandika kuhusu hesabu. Nikajidanganya kwamba kile kisa kimelala tu, hakimsaidii mtu. Nani atajua? Chuo kiko ng'ambo ya bahari, na Sigor iko Sigor. Nikaketi kwenye saiba mchana kweupe, watu wakipiga chapa fomu zao pembeni yangu, nikaandika: "Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja." Nikaweka pikapu, mikebe ya maziwa na sweta. Hata jina la mtoto sikubadilisha. Sijui ni kwa nini. Labda vidole vilikuwa vinakimbia kuliko akili. Niliandika Cherono.

Nilipomaliza nililia kwa uchungu, kana kwamba ni yangu kweli. Nikabonyeza kitufe, ikaenda.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama ameniwekea chai na mahindi ya kuchemsha. Akaniuliza, "Umemaliza ile kitu ya chuo?" Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Mungu atakufungulia." Nikala mahindi yake nikiwa nimeshamzika!

Wiki kadhaa zikapita. Niliitwa kwenye mahojiano kupitia video. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliniuliza mtoto yule anaendeleaje. Nikamjibu kwamba ana miaka minane na anapenda kuchora. Hilo la kuchora lilikuwa kweli. Nilijua kwa sababu Chepkorir alikuwa amebandika michoro ya Cherono ukutani juu ya kitanda chetu.

Halafu siku moja asubuhi Chepkorir akanipigia simu.

"Mercy, wameniandikia. Wanasema insha yangu inafanana na ya mtu mwingine aliyetuma kabla yangu. Wanasema ni wizi, wameniondoa."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Insha gani? Si ulisema ni hesabu?"

"Nilibadilisha siku ya mwisho. Nilimuomba baba ruhusa. Akasema sawa, kwa vile ni watu wa mbali, hawatawahi kumuona mtoto. Hiyo stori nilikuambia wewe peke yako."

Ningeweza kukubali papo hapo. Ningesema, ndiyo ni mimi, nisamehe, nitawaandikia leo hii. Badala yake nilimwambia huenda ni mashine zao zimekosea!

Hakunitukana. Aliniambia, "Sawa, Mercy," akakata simu.

Chuo kilimpa nafasi ya kujitetea. Alitakiwa kupeleka cheti cha kifo cha mama yake, barua ya chifu na namba ya mtu wa kumthibitisha. Baba yake angelazimika kurudi Sigor kuulizia karatasi, na maneno yangeanza kutembea. Chepkorir akaona heri apoteze chuo kuliko mtoto asikie habari hiyo kwa watu. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba amenyamaza, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza. Nilifurahi!

Mwezi wa tatu nikapata barua pepe yangu. Nimechukuliwa, na nitalipiwa kila kitu. Baba alirusha kofia yake juu ya paa. Mama alipiga magoti kwenye majani ya uani. Kanisani niliitwa mbele, wakaniombea. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka.

Chuo kile kilikuwa na desturi ya kuwatambulisha wanafunzi wapya kwenye tovuti yake. Kabla ya hapo waliniomba ruhusa ya kutumia sehemu ya insha yangu, nikakubali bila kufikiri, nikiwaza nani wa huku atasoma. Wakaweka picha yangu, kisa cha pikapu, na jina la Cherono. Kijana mmoja wa huku kwetu aliyeko ng'ambo akaiona, akaituma nyumbani kwa fahari: binti wa Kericho ang'ara! Kwa siku mbili ilikuwa imezunguka kila kikundi cha simu, Kericho mpaka Bomet.

Mtu mmoja wa Sigor akaisoma, akaandika chini yake: "Hii si ya huyu msichana. Huyu ni marehemu mke wa fulani aliyehamia Silibwet. Mimi ndiye nilisukuma hiyo gari."

Cherono alikuwa na miaka tisa. Wenzake shuleni ndio waliomwambia. Walimzunguka wakati wa mapumziko wakamuuliza kama ni kweli alimuua mama yake. Mtoto wa miaka tisa! Alirudi nyumbani hakuvua begi, akasimama mbele ya yule mama aliyemlea, akamuuliza, "Wewe ni nani yangu?"

Kuanzia siku hiyo alikataa kumuita mama. Alikataa pia kulala chumba kimoja na Chepkorir, dada aliyempokea duniani, kwa sababu alimficha ukweli.

Kwetu nako mama alionyeshwa na wanakwaya wenzake. Mmoja alimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alirudi nyumbani hajavua kitambaa cha kichwa. Nilianza kujieleza, kwamba ni mtindo tu wa kuandika, kwamba kila mtu anafanya. Alininyamazisha kwa mkono.

"Ulikuwa umekosa nini, Mercy?"

Akasogea karibu yangu.

"Nilikunyima nini mpaka uniue?"

Nililia. Yeye hakulia. Alivuta kiti, akaweka simu yangu mezani mbele yangu. "Uliandika nimekufa ukiwa peke yako. Sasa andika niko hai, na mimi nikiona."

Niliandika. Niliwaambia chuo kila kitu, nikawaomba ile nafasi wampe Chepkorir, mwenye kisa. Walijibu baada ya siku chache. Nafasi yangu ilifutwa. Kuhusu Chepkorir walisema wamesikitika sana, wamemwondolea lile doa la wizi, lakini uandikishaji wa mwaka ule ulikuwa umefungwa, na anakaribishwa kuomba upya mwaka unaofuata.

Nilikwenda Silibwet na mama yangu kupeleka habari hiyo na kuomba msamaha. Yule mama aliyemlea Cherono alitupokea, akatupa mursik, maziwa yetu ya mgando, kama wageni wengine, na wema huo uliniumiza kuliko kofi. Baba yake Chepkorir alitoka nje, hakurudi mpaka tukaondoka. Chepkorir alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye mikono yake.

"Nimesikia," alisema. "Lakini siwezi kuandika tena juu ya mama. Nikianza sentensi, naona ile yako."

"Basi andika ile ya hesabu," nikamwambia. "Aki Chepkorir, jaribu tu!"

Akatikisa kichwa. "Mimi sitaki kwenda mbali sasa. Cherono haongei na mtu. Nikienda, ni nani atamngoja aongee?"

Kwenye kona ya nyumba nilimwona Cherono amesimama. Nilimwita kwa jina. Akaniuliza swali moja: "Mama yangu alikuwa anafanana vipi?"

Mimi niliyekuwa nimemlilia mama huyo kwenye saiba, mimi niliyeuelezea uso wake kwa Kiingereza kizuri, sikumjua! Sikuwahi kumwona. Mtoto akaingia ndani.

Ni miaka minne sasa. Mimi nasomea ualimu karibu na nyumbani, na wanafunzi wa kidato cha nne hunijia niwasaidie kujaza fomu za vyuo. Chepkorir alijiunga na chuo cha uuguzi, udaktari hakuupata. Nimesikia kwamba Cherono ameanza kumuita yule mama "mama" tena, lakini hachori tena. Chepkorir na mimi hatuongei. Kila krismasi namtumia ujumbe. Anausoma, hajibu.

Mama alinisamehe. Hata hivyo, kila nikitoka nyumbani kwenda chuoni huniuliza, "Leo niko hai?" Husema akicheka. Mimi sijaweza kucheka.

Ndugu zangu mnaoketi sasa hivi mbele ya zile fomu, mkihisi maisha yenu hayana kitu cha kusimulia, nawasihi sana... Andikeni hayo hayo. Mwandike mama yako anayekamua ng'ombe. Wakikukataa, utakuwa umekosa chuo tu, na vyuo viko vingi. Na kama kuna mtu alikulilia siku moja akakueleza jambo lake, mwachie liwe lake. Usiliguse hata kama mlango wa dunia nzima uko wazi mbele yako. Mimi niliugusa msiba wa mtu, na mpaka leo kuna mtoto kule Silibwet ambaye sina jibu la kumpa.