Muhuri Wenye Tundu

Haya alinisimulia jirani yangu Arlene Vroman mwaka jana, juma la mwisho la matufaha, tukiwa jikoni kwake tunamenya yale ya kukausha. Mjukuu wake Willa alikuwa hapo hapo mezani na hesabu zake za shule, na kila bibi yake alipopindisha jambo, alimnyoosha. Kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyasikia kwa wote wawili.

Willa alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliwalisha kuku, akala uji wake wa shayiri, kisha akasimama kando ya barabara kungoja basi la njano la shule. Ndani ya basi alikaa upande wa kulia, dirishani, ili sikio lake zima liwaelekee wenzake. Sikio la kulia lilikuwa bovu. Daktari alisema kuna kinyama kimeota nyuma ya ngoma ya sikio, nacho kinaitafuna mifupa midogo ya kusikia, kidogo kidogo, kama panya na gunia la mahindi.

Sikio hilo bovu Willa alikuwa amelifanya ngao. Swali asilotaka kulijibu, aliligeuzia sikio la kulia.

"Willa, umefunga banda la kuku?"

Sikio la kulia likamgeukia.

"Naona leo nimepewa lile la kulia," bibi yake alizoea kusema. "Haya, nenda kalifunge. Banda hufungwa kwa mikono, si kwa masikio."

Upasuaji ulipangwa Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba. Siku kumi kabla yake simu ikalia kutoka hospitali.

"Wewe ndiye mama yake Willa?" akauliza mwanamke wa ofisini.

"Mimi ni bibi yake. Mama yake alifariki miaka mitano iliyopita. Mahakama ilinipa mimi ulezi."

"Pole sana, mama. Basi tunahitaji ile amri ya mahakama yenye muhuri, iwe imetufikia Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Bila hiyo daktari hawezi kumgusa mtoto, na nafasi nyingine ni baada ya miezi minne."

Miezi minne ni chakula kingi kwa panya. Bi Arlene akalishusha kopo la biskuti linalokaa juu ya kabati, mahali pa karatasi zote za nyumba ile. Akaikuta hati yake ya ndoa, na cheti cha chanjo cha mbwa aliyekwisha kufa zamani. Amri ya mahakama haikuwamo.

"Willa, hukuiona ile karatasi ya mahakama?"

Willa akamgeuzia sikio la kulia.

Sasa ngoja niseme alichokuwa akikijua mtoto huyu. Mama yake, Joleen, binti wa Bi Arlene, alikuwa ameacha picha nyingi, na sauti yake ilikuwamo kwenye simu, lakini mwandiko wake haukuwapo popote. Watu wa siku hizi hawaandikiani barua. Siku moja ya mvua Willa alifungua kopo kutafuta gundi, akaiona karatasi ya mahakama. Upande wa mbele palikuwa na amri ya jaji. Alipoigeuza, akakuta ridhaa ya mama yake ya kumkabidhi kwa bibi, na chini yake sahihi: Joleen Vroman, kwa wino wa buluu, herufi zimelegea kwa ugonjwa. Akachukua mkasi, akaikata sahihi ile ikawa kipande kidogo kama stempu, akaiweka ndani ya jalada la kitabu chake cha hesabu. Akaigeuza karatasi tena. Muhuri wa mahakama upande wa mbele ulikuwa na tundu katikati. Akaikunja karatasi, akaificha chini ya godoro.

Siku tisa Bi Arlene aliipekua nyumba ile. Watu wa rika letu huamini kwamba kitu cha nyumbani hakipotei, kinajificha tu. Alivua mito foronya, akaondoa droo, akapiga magoti chini ya kitanda chake na lile goti lake bovu la kuchuliwa mafuta. Willa alimtazama akiinuka kwa kushika ukuta, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Jumatano jioni bibi aliposema, "Limebaki godoro lako," Willa akawahi chumbani, akaichomeka karatasi ndani ya begi la shule.

Alhamisi asubuhi Bi Arlene akakata tamaa ya kuipata. "Twende tukaombe nakala mahakamani," alisema. "Utakwenda nami. Shule nimewapigia."

Mahakama ya familia ya Kaunti ya Hadlock iko mjini Perrin, karibu na posta. Mlangoni askari mlinzi aliupitisha mkoba wa Bi Arlene kwenye mashine, akatoa kisu kidogo.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha tufaha."

"Mahakamani huingii na kisu."

"Nina miaka sabini na moja na goti moja. Unadhani nitamfukuza nani?" Lakini akakiacha, na tufaha moja akamwachia askari, akimwambia asilile kabla hajalifuta.

Kwenye dirisha la masjala alikaa karani aliyeitwa Bi Teague, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Akaomba kitambulisho, akasoma leseni ya udereva ya Bi Arlene pande zote mbili, akaandika majina kwenye kompyuta. Akangoja. Akaandika tena.

"Joleen Vroman hayumo. Willa Vroman hayumo."

"Hebu tazama vizuri, mwanangu. Sisi ni watu wa Perrin tangu enzi ya baba wa babu yangu."

"Kesi ilisikilizwa katika chumba kipi hapa?"

"Sikuja hapa. Joleen alikuwa kitandani hospitali, mimi niko kando yake. Jaji alizungumza nasi kwa simu, na karatasi ikaletwa kwa posta."

"Na mtoto alikuwa anaishi wapi wakati huo?"

"Kwa mama yake, Barabara ya Kinu. Anwani ni Perrin."

"Upande huu wa kijito au ng'ambo?"

"Ng'ambo."

Bi Teague akavua miwani. "Sasa nimeelewa. Mama, barua za ng'ambo zinapitia posta ya Perrin, lakini nyumba zenyewe hazimo kaunti hii. Kesi ya mtoto hufunguliwa kaunti anayoishi, posta haihusiki."

"Basi ni kaunti gani?"

"Hapo ndipo pagumu. Barabara ya Kinu inapita mpakani. Nyumba nyingine ziko Esker, nyingine Marlow. Mahakama moja iko mashariki, nyingine magharibi, kila moja mwendo wa saa nzima kwa gari."

"Wapigie simu uwaulize."

"Hawataniambia, nami wakiniuliza sitawaambia. Jalada la familia si gazeti la kusomwa na kila apitaye. Ndani yake mna machozi ya watu. Hutolewa kwa mhusika mwenyewe, kitambulisho kikiwa mkononi." Akalainisha sauti. "Ungekuwa na ile karatasi ya zamani, hata ikiwa imechakaa. Juu kabisa pameandikwa jina la kaunti, na pembeni nambari ya jalada. Ingetosha."

Bi Arlene alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. Akarudi kwenye benchi la ukumbini, akaketi taratibu, akauweka mkoba juu ya magoti.

"Mahakama mbili, na muda wa moja," alisema. "Tukikosea njia, basi tena. Esker au Marlow, Willa? Wewe ungekwenda wapi?"

Willa alikuwa amekaa kushoto kwake, sikio bovu likimwelekea bibi. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kutosikia. Begi lilikuwa mapajani, na ndani yake alijua kuna jina la kaunti limeandikwa kwa herufi kubwa. Akautazama mkono wa bibi yake ukilisugua lile goti.

Akainuka, akazunguka, akaketi upande wa pili.

"Esker, Bibi," alisema.

"Umejuaje?"

Willa akafungua begi, akaitoa karatasi. Bi Arlene aliikunjua, akaona tundu, akaweka kidole chake ndani ya lile tundu kikatokea upande wa pili.

"Kipande kiko wapi?"

Willa akakitoa kwenye kitabu cha hesabu. Bibi alikishika kwa ncha za vidole.

"Joleen na J yake," alisema. "Tangu darasa la kwanza, J kama ndoana ya samaki. Mwalimu alimwandikisha ukurasa mzima wa J, hakubadilika." Alikirudisha kipande ndani ya kitabu mwenyewe. "Lia ukiwa unatembea. Gari liko mbali."

Askari aliwarudishia kisu. "Lile tufaha lilikuwa zuri," alisema.

"Ulilifuta?"

"Nilisahau."

Walifika mahakama ya Esker masjala imefungwa kwa chakula cha mchana, wakangoja kibarazani wakila mikate yao ya siagi ya karanga. Saa saba na nusu dirisha likafunguliwa. Karani hapa alikuwa mzee mnene, Bwana Lipscomb. Alisoma leseni, akaitazama karatasi iliyotobolewa, akamtazama Willa.

"Panya?" aliuliza.

"Mkasi," Willa akajibu. "Ni mimi."

"Panya nisingekuwa na la kumwambia, ila wewe umesema kweli. Ngojeni."

Jalada lilikuwa chini ya ardhi, kwenye rafu za miaka iliyopita, lakini kwa nambari ile alirudi nalo kabla chai yake haijapoa. Akatoa nakala, akaipiga muhuri wa kubonyeza unaoinua karatasi, akatia sahihi kwamba ni sawa na ya asili.

"Hii ya hospitali," alisema. Kisha akamwuliza Bi Arlene kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye mlezi, nakala nyingine ni haki yako. Niitoe, pande zote mbili?"

"Itoe," Bi Arlene alisema.

Ile ya pili alimpa Willa. Nyuma yake sahihi ya mama ilikuwa nzima, mahali pake, chini ya maneno yote aliyoyakubali.

Hospitali waliipokea karatasi saa tisa na dakika hamsini. Njiani kurudi nyumbani ndipo Bi Arlene alipozungumza.

"Kwa mkasi sikukasirika sana. Ungeniomba, ningekusaidia kutafuta mwandiko wa mama yako. Nakasirikia zile siku tisa. Kukata ni kosa la dakika moja. Kosa la kuficha ulikuwa ukilifanya upya kila asubuhi, ukiniona nimepiga magoti. Na jawabu lilikuwa kwenye kitu kile kile ulichoona aibu kukionyesha. Ukiharibu, leta kilichoharibika, hata kiwe na tundu. Kilichofichwa hakimsaidii mtu."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi niliitia karatasi ile koponi miaka mitano bila kusoma juu yake pameandikwa nini. Tangu leo tunasoma kwanza, ndipo tunaweka."

Upasuaji ulifanyika Ijumaa asubuhi, na daktari alisema mifupa imebaki ya kutosha. Mchana wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Willa alilala kwenye kochi, kichwa kimefungwa bendeji.

"Likipona hilo," bibi yake alimwambia, "hutakuwa tena na sikio la kujifichia."

"Nimesikia," Willa akasema, macho yakifumba, akalala.

Bi Arlene akazitia karatasi zote koponi, ile yenye tundu na ile nzima. Akaketi kwenye kiti chake kando ya kochi, akaanza kumenya tufaha ili mtoto alikute akiamka. Ganda lilifika nusu. Kisu kikatulia mapajani, kichwa kikainama, naye akalala.