Kinachonyonya Bombani

Maji yalikwisha kushuka, lakini bomba liliendelea kumeza.

Nizar aliinamisha sikio. Alikuwa amepiga magoti mbele ya stendi aliyoijenga mwenyewe kwa wiki tatu, sebuleni kwao Jidda: miguu ya chuma, mbao zilizopakwa rangi mara nne ili chumvi isizile, na milango miwili midogo ya kufichia mabomba. Juu lingekaa tangi la kioo lenye matumbawe na samaki. Maji yangeshuka hadi tangi dogo la chini, yachujwe, kisha pampu iyarudishe juu. Bomba jingine lilipita ukutani hadi kwenye tundu la maji machafu, sakafuni bafuni, ili maji ya kumwaga yasibebwe kwa ndoo.

Glu, glu, glu. Polepole, kama mtu anayemalizia uji.

"Hewa tu hiyo," Nizar alimwambia mkewe, Mayada.

Mama yake, Bi Khairia, hakutazama bomba. Alitazama birika tupu lililokuwa karibu na goti la mwanawe.

"Tundu la bafuni ulilizibua kwa kitu gani?"

"Maji ya moto na siki, mama. Lilikuwa limeziba."

"Yaliyochemka?"

"Yaliyochemka."

"Ulisema dasturi?"

Neno hilo Bi Khairia hulisema kila anapomwaga maji ya moto, kama mtu apigavyo hodi, ili majini wanaokaa humo chini wapishe. Nizar alicheka.

"Ni plastiki, mama. Nimwombe nani ruhusa, aliyeniuzia?"

"Cheka," alisema Bi Khairia. "Wewe cheka tu."

Siku ya pili harufu ilianza. Kwanza mayai viza, kisha siki, kisha maziwa yaliyochacha, kama yale yanayojificha kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto. Mayada alisugua bafu zima. Alipoinua kichujio cha tundu, kilikuja na bonge la nywele ndefu nyeupe, na nyumba ile haikuwa na mtu mwenye nywele za namna hiyo. Juu yake paliganda ngozi nyembamba, laini, inayoteleza kama malai ya maziwa yaliyochemshwa. Alivitia vyote kwenye mfuko wa taka, akaosha mikono kwa ndimu mpaka ikamwuma. Vidole viliendelea kunuka. Jioni alishindwa kumega mkate kwa vidole vile.

Siku ya nne Lujaini, binti yao wa miezi saba, alitokwa na malengelenge kwenye nyayo. Kesho yake yalifika vifundoni. Daktari alimwuliza Mayada mara tatu ni nani aliyemchovya mtoto kwenye maji ya moto, kisha akampa dawa ya kupaka. Dawa haikusaidia. Yalipanda kwa mstari ulionyooka, kama vile mtoto anateremshwa ndani ya sufuria, kidogo kidogo, na mkono usiochoka.

Yalipofika magotini, Bi Khairia alishuka ghorofa ya chini kumwita Inshirahi, mwanamke anayewasomea Kurani watoto waliodhuriwa na majini. Alikuja baada ya adhuhuri, mapazia yamefungwa kwa ajili ya joto, huku anatafuna ubani.

"Baba Lujaini, fungua hilo bomba lako."

Nizar alifungua kiungo. Uvundo uliotoka ulimfanya Inshirahi ateme ubani wake kwenye kitambaa. Akaweka mdomo karibu na tundu la bomba.

"Uliye humu, salamu kwako."

Bomba lilimeza. Kisha sauti ya mwanamke ilijibu, sauti ya majimaji, kama inayopita kwenye kamasi.

"Amempika mwanangu."

Nizar aliketi sakafuni.

"Hakujua," alisema Inshirahi.

"Alikuja mlangoni kwangu bila hodi. Mwanangu ameiva ubavu mmoja. Nami nampika wake. Taratibu. Mpaka kichwani."

Mayada alimkumbatia Lujaini. Inshirahi alimwashiria anyamaze.

"Wewe Mwislamu?"

"Nasali kuliko huyo mwenye nyumba."

Bi Khairia alikohoa. Hakuna aliyebisha.

"Basi sheria unaijua. Wanaonyonya ziwa moja mara tano, wakashiba, ni ndugu. Mwanao hai?"

"Hai. Ila hawezi kunyonya kwangu. Maziwa yangu ni moto, yanachoma vidonda vyake."

"Atanyonya kwa mama wa huyu. Halafu utamchoma dada wa mwanao?"

Bomba lilimeza mara mbili. "Mara tano," lilisema. "Na nitamtazama usoni. Mara atakayoonyesha kinyaa, haihesabiwi."

Inshirahi alimgeukia Mayada. "Umesikia, Mama Lujaini?"

"Nimesikia," alinong'ona Mayada, huku vifungo vya gauni vikimshinda.

Kitoto kile kilitoka kwa kichwa, kikijibana, na kila kilipojisukuma bomba lilitoa ute, na katika ute ule palikuwa na nywele na vipande vya ngozi na harufu ya siki iliyochanganyika na nyama ya jana, mpaka kikadondoka mapajani mwa Mayada, kikubwa kama paka, chenye baridi, ubavu mmoja mweusi na ubavu mwingine mweupe umechubuka kama kuku aliyetiwa maji ya moto anyonyolewe, hakina macho yaliyofunguka, kina mdomo tu, mpana, laini, nao ukatambaa kifuani mwake ukitafuta, ukiacha utelezi, ukapata, ukashika, na Mayada, ambaye koo lilikuwa limejaa matapishi, akayameza, akayameza tena, akakitazama kitu kile kama alivyomtazama Lujaini siku alipozaliwa, akatabasamu.

Nizar, aliyekuwa amewashikia taa, alitapika kwenye ndoo.

"Tapika," alisema Bi Khairia kwa sauti ya chini, "lakini taa ishike vizuri."

Siku ya kwanza ilihesabiwa. Siku ya pili haikuhesabiwa, kwa sababu ganda la kidonda lilibanduka likamwangukia Mayada mkononi na midomo yake ikakunjika. Siku ile malengelenge yalifika kiunoni mwa Lujaini. Mayada hakukosea tena. Kila siku, baada ya adhuhuri, alijifunza kutabasamu mpaka machoni, na ilipotimia mara ya tano, bomba lilisema, "Watoto wetu," halafu likanyamaza.

Kesho yake vidonda vya Lujaini vilikauka. Nizar alifunga kiungo kwa gundi, akajaza tangi, na baada ya wiki kadhaa palikuwa na samaki wa manjano wakipita kwenye matumbawe. Wageni walisifu stendi. Nizar aliwaeleza kuhusu rangi na chuma, na kabla ya kumwaga maji yoyote alisema dasturi, waziwazi, hata mbele yao.

Mchana mmoja, watu wote wamelala, Mayada alisikia glu, glu, glu kutoka nyuma ya milango midogo. Maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha gauni. Alimkuta Nizar ameshaamka, amekaa kitandani, amejifunika uso.

Alimpigia simu Inshirahi. "Si ilikuwa mara tano?"

"Mara tano ndipo anakuwa mwanao," alisema Inshirahi. "Mtoto ananyonya miaka miwili, Mama Lujaini."

Nizar alileta msumeno mdogo, akakata pale alipotia gundi, bila kumtazama mkewe. Mayada aliketi sakafuni, akafungua vifungo. Kile kitu kilikuja haraka safari hii, kizito zaidi, kimenona, kinajua njia.

Chumba cha pili Lujaini alikuwa amelala, miguu yake mizima, ufizi wake bado mtupu.

Kile kiliposhika ziwa, Mayada alihisi jino. Kisha la pili. Kisha safu nzima, huku na huku. Ndani ya giza la bomba kulikuwa na macho mawili yanamtazama usoni, hayapepesi.

Akatabasamu.