Mishono Minne ya Mama

Kwetu hatuamshwi na jogoo, tunaamshwa na cherehani. Chai haijachemka, mama ameshamaliza kola mbili. Mdogo wangu wa darasa la sita, tunayemwita Nukta kwa udogo wake, anakaa sakafuni kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye sare za shule. Mimi je? Nimemaliza shule, nasubiri majibu ya mtihani, kwa hiyo kazi yangu ni kuzunguka nyumba na kuambiwa nimekaa njiani.

Basi kuna wiki moja cherehani ilinyamaza. Mama alikuwa hospitali. Kwa miezi miwili tumbo lilikuwa limemjaa, akila kidogo tu ameshiba, na majirani wakawa wanamwambia ni gesi. Mama mdogo ndiye aliyekataa habari za gesi, akamburuta mpaka kwa daktari. Picha ya tumbo ikaonyesha uvimbe kwenye ovari moja, kile kiungo kinachotunza mayai ya uzazi. Daktari alishuku saratani, ila akasema inaonekana ndiyo kwanza inaanza na uvimbe bado mdogo. Hatampasua tumbo zima. Atapitisha kamera na vyombo vyembamba kwenye matundu manne.

Tulitarajia atarudi amebebwa. Siku ya tatu akashuka kwenye teksi kwa miguu yake mwenyewe. Akainua ncha ya blauzi, tukaona plasta nne, kila moja haizidi kidole gumba.

"Hii ndiyo operesheni?" akasema. "Mimi fundi bwana. Mshono wa hivi ni wa kurudishia kifungo. Nitalalaje wiki sita kwa ajili ya kifungo?"

Kosa lilianzia hapo. Fundi cherehani hupima kazi kwa urefu wa mshono. Alipewa karatasi ya masharti: wiki sita asinyanyue kitu kinachozidi birika la chai, na asikanyage cherehani. Mama akaibandika ukutani, kisha akatundika sketi juu yake.

Siku ya nane mimi nilikuwa gereji kuulizia kibarua. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, wazazi wanagonga mlango. Mama akainama, akanyanyua jora zima la kitambaa kutoka sakafuni. Nukta akamwona anashika meza kwa mikono miwili, midomo imekauka.

"Mama, umeumia?"

"Nimeshtuka tu. Na wewe hujaona kitu. Ukimwambia kaka yako atamwambia mama yako mdogo, na yule mdomo wake tarumbeta. Tutakaliwa kikao humu ndani."

Jioni Nukta hakugusa chakula. Nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Nikadhani amegombana na wenzake, nikala na sehemu yake.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya mama kurudi hospitali kuangaliwa. Tukaenda wote watatu.

"Mama Fundi, umepumzika?" sista akauliza.

"Mpaka mgongo umechoka kulala."

"Hujanyanyua kitu kizito?"

"Labda kijiko, sista."

Sista akacheka, akaandika. Nukta alikuwa anaukunja na kuukunjua mkanda wa mkoba wa mama. Angenyamaza, tungerudi nyumbani.

"Sista," akasema, sauti kama ya mtu aliye chini ya kitanda, "mama alibeba jora. Akashika meza. Tangu siku hiyo analalia upande mmoja."

Mama akamtupia jicho. Jicho lile mimi nalijua, huwa linatangulia kandambili. Lakini sista alishaweka kalamu chini na kwenda kumwita daktari.

Daktari mwenyewe mwanamama mfupi, mikono yake ya upole. Akabonyeza tumbo taratibu, akapiga picha tena. Chini ya tundu la kitovuni mshono wa ndani ulikuwa umevutika, damu kidogo imejikusanya.

"Tumewahi," akasema. "Ukitulia itapona yenyewe. Ungeendelea na majora yako, utumbo ungeanza kuchungulia hapa, na mimi na wewe tungerudi chumba cha upasuaji."

"Lakini daktari, mishono yenyewe midogo."

"Mteja akikuletea koti, unatazama nje tu?"

"Aa, nageuza. Kazi yote iko ndani."

"Haya. Ndani nimeondoa ovari nzima, nikaitia kwenye kifuko kabla ya kuitoa, isije ikapasuka ikamwaga ugonjwa. Nikachukua na vipande vya kupima sehemu nyingine. Kazi kubwa, ila nimepitia mlango mdogo. Njia hii humfaa aliyewahi, na wala si kila mtu. Maumivu yanapungua, unatoka mapema. Kutoka mapema si kupona."

Mama akatazama sakafu. Daktari akafungua faili. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika: saratani ilikuwa kwenye ovari ile moja tu, vipande vingine vyote safi. Hatahitaji dawa kali za saratani, ila atakuwa anakuja kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Mama akashusha pumzi ndefu, akajifuta macho kwa kiganja.

Tulipofika kwenye benchi la nje, Nukta akauliza, "Utanichapa?"

"Kwa lipi? Wa kuchapwa ni mimi." Mama akamvuta karibu. "Nilikufundisha kuficha, nikakufundisha vibaya. Mgonjwa akimdanganya daktari, anayeumia si daktari. Mtu mzima akikwambia ufiche maumivu yake, sema. Hata akiwa ni mimi."

Siku hizi mama analala kwenye godoro kando ya cherehani, anatoa amri, na anayekanyaga ni mimi. Shati langu la kwanza lilitoka na mikono miwili ya kushoto. Mama akaligeuza huku na huku, akacheka amekumbatia mto tumboni kama sista alivyomfundisha, mpaka Nukta naye akaangua kicheko.

Kisha mama akajigusa kitovuni. Hakuna aliyemuuliza.

"Hapa panauma kidogo, mwanangu," akamwambia Nukta. "Hebu niletee ile dawa."