Maji Yaliyogoma Kutakata

Siku ya gulio Kasulu haina adabu. Utakanyagwa, utasukumwa, utamwagiwa dagaa begani, na hakuna atakayekuomba radhi. Ndivyo Zuhra alivyosukumwa na mkokoteni wa mihogo hadi ndani ya duka la Isihaka, mabuti ya mpira yamejaa matope, ushungi wa zambarau umemteleza hadi shingoni, chupa ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa ameikumbatia kifuani.

"Karibu, dada," Isihaka alisema kutoka nyuma ya kaunta. Alivaa shati la mistari lililopigwa pasi likapigika, na alinukia udi. "Hayo maziwa unauza au umekuja kunitembezea?"

"Nataka tochi. Yenye mwanga mwembamba."

Akampa. Zuhra hakuuliza bei. Aliinama kwenye kivuli cha kaunta, akamulika chupa kwa ubavu, na mstari mweupe ukachoreka ndani ya maji toka upande mmoja hadi wa pili. Isihaka naye akainama. Vichwa vyao vilikaribiana kuliko inavyofaa kwa watu wasiojuana majina.

"Unatafuta samaki?"

"Udongo. Chembe ndogo sana, huwezi kuziona. Ila mwanga ukizigonga unatawanyika, ndiyo maana unauona mstari. Maji safi hayana mstari."

"Na kwa nini haziendi chini zikalala?"

"Zote zina umeme wa aina moja. Zikikaribiana zinasukumana. Chuoni Dar kulikuwa na mashine ya kupima huo msukumano, wanauita zeta. Huku mimi nina macho yangu na tochi yako."

"Zinachukiana basi."

"Zinafanana mno. Ukitia shabu, lile jiwe la kusafishia maji, umeme unazimika, zinashikana, zinazama."

"Kumbe! Mimi ninauza shabu miaka yote hii, sijui kama ni mpatanishi." Akacheka, na Zuhra akacheka bila kupenda, kisha akapandisha ushungi wake haraka kana kwamba ndio uliocheka.

Hiyo ilikuwa Novemba ya 2014, mvua ndiyo zinaanza. Zuhra, binti wa Mzee Haidari, mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo, alikuwa mtaalamu wa mradi mdogo wa maji upande wa Heru Juu. Kazi yake ilikuwa kuyatakasa maji ya mto kabla hayajafika zahanati na kwenye mabomba ya watu. Barabara ya Kigoma ilipoharibika na dawa za mradi zikakwama njiani, akaanza kununua shabu kwa Isihaka, pakiti za kilo kilo, alizozifunga Isihaka kwa mikono yake mwenyewe. Na simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Isihaka, niko juu ya tangi!"

"Shuka, mama, tangi halikimbii. Ukianguka mimi nitamuuzia nani?"

"Kwa hiyo unaililia biashara?"

"Nakulilia wewe. Biashara inajililia yenyewe."

Kufika Januari Isihaka alikuwa anataka kutuma washenga. Zuhra alimwambia asubiri mvua ziishe, akili yake haijatulia. Na kweli haikuwa imetulia. Alilala akisikia mvua, akaamka akiwaza mto, na kila simu ilipolia moyo ulimruka, hakujua kama ni kwa ajili ya tangi au kwa ajili ya mwanamume. Alimpenda. Hilo alilijua, na lilimtisha.

Februari maji yakagoma. Zuhra alitia pakiti zake kama kawaida, akangoja, akachota kwenye glasi, akamulika. Mstari uko pale pale. Akaongeza pakiti. Mstari. Akaongeza nyingine, na maji yakabaki na ukungu wake kama vile yanamtania. Kwenye zahanati, nesi Maximilla alishaanza kulalamika kwamba watoto wanaletwa wakiharisha. Zuhra akazunguka tangi, akashuka, akapanda tena. Mwishowe akapata jibu, na likawa jibu baya: shabu imechanganywa.

Hakupiga simu. Alipanda bodaboda hadi Kasulu, siku ya gulio, duka limejaa.

"Umenichanganyia nini, Isihaka? Chumvi? Unga?"

Watu wakageuka. Isihaka alikuwa ameshika kibaba cha mchele, kikabaki hewani.

"Mimi?"

"Kuna mwingine anayeniuzia? Watoto wanaumwa kule!"

"Zuhra, njoo ndani tuzungumze."

"Tuzungumzie hapa hapa."

"Babu yangu alitoka Bagamoyo na mizani yake," Isihaka alisema polepole. "Mpaka anazikwa hakuna aliyemwita mwizi."

"Basi leo ameitwa mjukuu wake."

Maneno yakishatoka hayana pa kurudia. Yalipanda basi yakafika Kibondo kabla ya magharibi, na kesho yake baba akapiga simu.

"Anayechezea vipimo haoi kwangu. Washenga wake walikuwa hapa sebuleni, nimewarudisha bila hata chai."

"Washenga? Walikuja lini, baba?"

"Jana. Si mlikubaliana?"

Hawakuwa wamekubaliana. Isihaka alikuwa ameshindwa kusubiri, na siku ile ile aliyotukanwa wazee wake walikuwa wamekaa kwa Mzee Haidari wakimsifu. Zuhra alimpigia. Simu haipatikani. Ndani ya wiki wateja wakahamia duka la jirani, naye Isihaka akafunga, akaenda Kibondo kumsaidia shangazi yake Adija dukani kwake.

Zuhra alitaka ushahidi, nasema kweli, ili moyo umwache apumue. Alipanga glasi za maji ya mto juu ya meza ya Maximilla, akatia shabu ya Isihaka, kidogo kwenye ya kwanza, zaidi kidogo kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho iliyopata nyingi kupita zote. Walipokunywa chai na kurudi, akamulika. Glasi za mwanzo, mstari. Za katikati, hakuna kitu. Maji yametakata, udongo umelala chini. Ya mwisho, mstari tena, mnene.

"Mbona yenye dawa nyingi ndiyo chafu?" Maximilla aliuliza.

Zuhra alikaa chini. "Ikizidi, chembe zinavaa umeme wa upande wa pili. Zinaanza kusukumana upya. Nililisoma hili, dada. Nililifanyia mtihani!"

"Lakini pakiti za kawaida ulizitia kwa kipimo."

"Nilihesabu pakiti. Sikupima."

Maximilla akachukua pakiti iliyokuwa haijafunguliwa, akaitia kwenye mizani ya kupimia watoto wachanga. Kilo na nusu. Wakapima nyingine. Nayo vile vile, ila moja iliyobaki ya Januari ilikuwa kilo kamili.

"Yesu wangu!" Maximilla akapiga makofi. "Mwenzio anakuwekea nyongeza ya mapenzi, we unamwita mwizi!"

Zuhra alilia pale pale, kwa aibu na kwa mapenzi, haikujulikana kipi kilitangulia. Gulio lililofuata alisimama mbele ya duka lililofungwa akawaambia wauza nyanya na wanunuzi wao kwamba Isihaka ni mkweli na aliyekosea ni yeye. Kisha akapanda basi la Kibondo.

Alimkuta akipima sukari. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi, na alikuwa akipunguza sukari kwa ncha ya kijiko hadi mizani ikae sawa kabisa.

"Hata punje moja huongezi?" mteja alinung'unika.

"Kuongeza kumeniponza, mama."

"Isihaka," Zuhra aliita.

Hakuinua macho. "Kilo ngapi?"

"Shabu yako ilikuwa nzima. Ulinijazia, mimi sikupima, nikaizidisha. Kasulu nimeshawaambia wote."

"Na baba yako? Wazee wangu waliondoka kwake wameinamisha vichwa."

Zuhra akatoa simu, akaiweka kaunta, sauti nje. Shangazi Adija akaacha kufagia.

"Baba, shikamoo. Isihaka si mwizi. Alikuwa ananizidishia bure, mimi nikaharibu maji kwa uzembe wangu, nikamsingizia."

"Wewe si ndiye uliyesoma, Zuhra?"

"Ni mimi, baba."

"Yupo hapo?"

"Shikamoo, mzee," Isihaka alisema.

"Marahaba. Wazee wako waambie warudi. Nitawapokea mimi mwenyewe."

Simu ikakatika. Isihaka alimtazama Zuhra, hasira na hamu zikigombania uso mmoja.

"Na siku nyingine ukinishuku?"

"Nitakuuliza kwanza."

"Sokoni?"

"Nyumbani kwetu," Zuhra alisema. "Mlango umefungwa."